Mfalme Aliyekwenda kwa Miguu

Malan, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anasema mfalme wangu wa sataranji aliruka kutoka ubaoni akaangukia chini ya meza. Anasema niliinama kumtafuta, pindo la sari likanasa kwenye mguu wa kiti, nikainuka na kiti nyuma, ukumbi mzima ukacheka mpaka chai zikamwagika. Mwamuzi akataka kunitoa nje, ila Ketaki, niliyekuwa nacheza naye, kwa huruma zake akamwambia, "Mwache, dada wa watu hajui." Halafu, anasema Malan, nikalia.

Anaisimulia bombani, ndoo ikijaa na kufurika.

"Kwani wewe ulikuwepo?" mama mkwe wangu alimuuliza.

"Sikuwepo, lakini nimeambiwa na aliyekuwepo."

"Nani?"

"Muuza chai."

"Muuza chai alikuwa anauza chai, Malan. Toa ndoo yako."

Simlaumu. Hadithi yake ni nzuri, hata mimi ningeisikiliza mpaka mwisho. Ila mimi nilikuwepo, kwa sababu mchezaji nilikuwa mimi, na kiti changu hakikutoka pale kilipowekwa. Katika maneno yake yote mawili tu ni kweli: ukumbi ulicheka, na mfalme aliruka. Hakuruka kwenda chini ya meza. Aliruka juu ya ubao, akatua vizuri kabisa, katika nyumba niliyoitaka.

Sataranji nilifundishwa na Aji, mama yake baba, kwenye baraza la nyumba yetu ya zamani, kabla sijajua kusoma. Shule niliiacha baada ya darasa la saba. Sataranji sikuiacha. Kwa Aji askari husogea nyumba moja tu ya ubao, hata akiwa ndiyo kwanza anatoka nyumbani, maana, alisema, nani aliwahi kuona askari wa miguu akiruka? Lakini mfalme anaruka. Mara moja katika mchezo wote, mfalme anaweza kwenda kama farasi, nyumba mbili upande mmoja na moja upande mwingine, mradi hajaambiwa "shah" hata mara moja. Akishatishwa, miguu imekufa ganzi, haruki tena.

Nilipoolewa huku mjini nilikuta vijana wa chama cha sherehe za mungu Ganesh cha mtaa wetu wanacheza kwa kanuni za vitabuni. Askari wa kwao anaanza kwa nyumba mbili akitaka. Mfalme haruki, anapishana na tembo wa kona, wote wawili kwa mkupuo mmoja, anajificha pembeni. Nikajifunza. Si vigumu. Mtu akihamia kwa mume hujifunza hata chumvi ya kule. Lakini mkono una kumbukumbu zake, nao hauulizi ruhusa.

Mama mkwe hakupenda. Si kwamba alichukia mchezo. Alichukia mikate ya mtama kuungua huku mimi nimesimama na kijiko nikitazama ukuta. Mashindano ya wilaya yalipokaribia akanikalisha chini.

"Mshindi anakwenda Pune, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama. Anakaa kambini, anachezea wilaya."

"Basi sikiliza. Ukishinda, nenda. Nitapika mimi, na mwanangu atakula nitakachopika. Usiposhinda, huo ubao unapanda darini na haushuki. Sitaki tena kusikia kete zikigonga jikoni kwangu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Mume wangu, Dattu, aliinua uso kwenye sahani. "Umekubali upesi mno."

"Nikatae nini? Nitashinda."

Hakucheka. Ananijua.

Basi ikafika meza ya mwisho, mchezo wa mwisho, ndani ya ukumbi wa harusi wa karibu na stendi. Siku iliyotangulia kulikuwa na ndoa. Maua ya njano yalikuwa bado yananing'inia jukwaani, na kwenye viti vya maharusi walikaa mwenyekiti wa mashindano na mkewe, wamenyooka kama wanaosubiri kupigwa picha. Ketaki alikuwa amenitangulia kwa nusu alama. Maana yake ilikuwa moja: sare ingempeleka yeye Pune. Mimi ni kushinda au darini.

Ketaki ni bingwa wa wilaya, anasoma chuo Kolhapur, ana mwalimu wake wa sataranji tangu utotoni. Ni msichana mzuri, mcheshi, ana kalamu tatu kila wakati na hukuazima bila kuombwa. Tulipokaa akaninong'oneza:

"Manjiri dada, leo tena utanichezea kikonokono?"

"Konokono akifika, amefika na nyumba yake."

"Haya, njoo na nyumba yako. Mimi nimeacha mlango wazi."

Mwamuzi, Bwana Jamdade, mtu mwembamba mwenye miwani kwenye kamba, akatuashiria tuanze.

Ketaki alikuwa na nyeupe. Akafungua kwa askari wa mbele ya waziri, nyumba mbili, kishindo. Nikamsogeza askari wa mbele ya farasi, upande wa mfalme, nyumba moja. Akaleta wa pili, nyumba mbili. Nikamwingiza ngamia wangu, kete ya kwenda mshazari, katika kitundu alichokiacha askari wangu. Humo akakaa anachungulia ubao kutoka pembe hadi pembe. Akatoa farasi. Nikasogeza askari mwingine, nyumba moja. Akaleta wa tatu, nyumba mbili. Sasa alikuwa na askari watatu katikati, safu moja, vifua mbele, kama gwaride la sikukuu.

Nyuma yangu nikasikia mwanamume akimwambia mwenzake, "Huyu wa nyeusi ameshabanwa."

Sikubanwa. Kwa Aji kila mchezo unaanza hivyo. Unamwachia mwenzako uwanja autandaze mkeka wake wote, halafu unatazama ni pindo gani limekunjika. Nikamchokoza askari wake wa katikati. Badala ya kunila akasogea mbele, akanipita, akajiona amezidi kunikaba. Lakini aliposogea alitoka kwenye njia ya ngamia wangu. Ngamia akatoka kitunduni, akakata ubao mzima, akamla farasi wake.

"Shah," nikasema.

Ketaki akaguna, akamla ngamia wangu kwa askari. Hapo ndipo pindo lilipokunjika: askari wake wawili sasa wamesimama mmoja nyuma ya mwingine katika mstari mmoja, wa nyuma hamlindi wa mbele, wa mbele anamziba wa nyuma. Nikafunga katikati kwa askari wangu, wake hawaendi mbele wala hawarudi. Nikamtoa farasi. Nikaridhika. Nikafikiri, sasa mfalme akapumzike.

Kile kitundu cha ngamia kilikuwa wazi. Askari watatu wamekizunguka kama ukuta wa kibaraza. Nyumba kama hiyo, kwa Aji, ina mwenyewe. Mkono wangu ukamnyanyua mfalme, ukamrusha kwa mwendo wa farasi, ukamtua humo, ukabonyeza saa. Wala sikuhisi kitu. Nilihisi raha, kama mtu aliyevua viatu mlangoni kwao.

Ketaki alimtazama mfalme wangu. Akanitazama mimi. Akasimamisha saa na kuinua mkono.

"Mwamuzi. Mfalme ameruka."

Bwana Jamdade akavaa miwani. "Mama, huyu mfalme amefikaje hapa?"

Nikautazama mkono wangu. Nilishaona.

"Ameruka," nikasema.

Hapo ndipo ukumbi ulipocheka, hilo Malan hakukosea. Lakini kwenye viti vya nyuma alisimama mzee mmoja wa kilemba, mtu wa mashamba ya manjano, na fimbo yake juu.

"Mnacheka nini? Mwamuzi, mfalme ana mruko wake mmoja! Hajaambiwa shah!"

"Mzee, kaa chini. Hapa tunacheza kwa kanuni za dunia nzima."

"Na dunia nzima iliutoa wapi mchezo huu, kama si kwetu?"

Wazee wakapiga makofi. Mwenyekiti, kwenye kiti cha bwana harusi, naye akaanza kupiga, mkewe akamfinya. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekaa pembeni akimenya vitunguu saumu mapajani ili siku isipotee bure, akamwambia mwanamke wa kando yake kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Hata mimi kwetu aliruka. Tena kwetu aliruka hata akiwa na njaa."

"Kimya!" akasema Bwana Jamdade. Akamrudisha mfalme wangu nyumbani kwake kwa vidole viwili, kwa heshima, kama mtu anayerudisha sanamu madhabahuni. "Mama, huo si mwendo halali. Mwenzako anaongezewa dakika mbili. Kosa la namna hiyo likitokea tena, umepoteza mchezo. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Na aliyeguswa anachezwa," akasema Ketaki. Hakusema "mwache, dada wa watu." Alisema lile ambalo ningelisema mimi. "Amegusa mfalme, acheze mfalme."

"Ni kweli. Utacheza mfalme, mama."

Watu hawakuelewa ubaya wake, ila wachezaji wa meza za jirani walielewa, maana waliacha michezo yao wakanyoosha shingo. Mfalme akishasogea hawezi tena kupishana na tembo. Hana mruko wala hana kujificha. Amebaki katikati ya barabara na tembo wangu mmoja amefungiwa kona.

Nikaikalia mikono yangu yote miwili. Wala sikuona aibu. Mkono uliozoea baraza la Aji usingefundishika kwa kuugombeza, heri kuufungia. Nikatazama. Je, ile nyumba imeondoka? Haijaondoka. Kitundu kiko palepale, ukuta uko palepale. Kuruka ni mwendo mmoja. Kwa miguu ni miwili. Basi mfalme ataenda kwa miguu.

Nikautoa mkono mmoja, nikamsogeza nyumba moja pembeni.

Ketaki hakusubiri hata nibonyeze saa vizuri. Ngamia wake akateleza kutoka kwao mpaka ukingoni mwa kambi yangu.

"Shah."

Nilimwona akija kabla hajaja. Nikamsogeza mfalme nyumba moja tena pembeni. Sasa yule ngamia amekaa mlangoni kwa kitundu changu, na tembo wangu kwenye kona hana hata pa kugeuzia mkonga. Mwalimu wa Ketaki, aliyesimama kwenye kamba ya watazamaji, alikunja mikono kifuani, akaanza kutazama dari.

"Dada," Ketaki akasema polepole, macho ubaoni, "nyumba yako ina mgeni."

"Mgeni siku ya kwanza," nikamjibu. Farasi wangu akaruka kumtishia.

Akamleta waziri nyuma ya ngamia kumlinda. Nikamla ngamia kwa farasi, akamla farasi kwa waziri. Sasa waziri wake mwenyewe alikuwa kambini kwangu, mbele ya mfalme wangu, na watu nyuma wakaanza kunong'ona kwamba yamekwisha. Mimi nikamleta waziri wangu ubavuni mwa mfalme, nyumba mbili tu, akasimama uso kwa uso na waziri wake. Ukitaka, tuuane. Hutaki, ondoka.

Hapa nilimtazama Ketaki, sikutazama ubao. Nilicheza naye mara nyingi, namjua. Akiwa anataka kushinda hukaa mbele ya kiti; akiwa anataka sare huegemea. Aliegemea. Mtu anayetaka sare hupenda watu wapungue ubaoni. Kila anayetoka huona ni hatua moja kuelekea nyumbani. Akamla waziri wangu. Mfalme akamla wake. Mawaziri wakatoka, na mfalme wangu, bila haraka, katika mwendo uliofuata, akaingia kibarazani kwake.

Nyuma yangu mzee wa kilemba akasema, "Amefika."

"Mzee!" akasema Bwana Jamdade.

Kuanzia hapo mchezo ulikwenda kimya. Nikampa ngamia wangu wa pili, nikachukua farasi wake wa mwisho, alikubali haraka. Tembo wakakutana katika mstari ulio wazi wakamalizana wote. Alikubali haraka zaidi. Mwalimu wake aliacha kutazama dari. Alishaona alichokuwa hajaona mwanafunzi wake. Tumebaki na askari, mimi na farasi mmoja, yeye na ngamia mmoja. Na ngamia wake ni wa nyumba nyeupe, na askari wake wamesimama kwenye nyumba nyeupe hizohizo. Alikuwa amefungiwa ndani ya zizi la watu wake mwenyewe. Farasi hana shida na zizi.

Mama mkwe alikuwa amemaliza vitunguu. Alikuja mpaka kwenye kamba, mfuko kwapani, akasimama. Hajui kanuni za vitabuni, lakini anajua mtu anayekaa kwa starehe na mtu anayekaa kwa mashaka.

"Mbona yule mtoto anakunywa maji sana?" akamuuliza jirani yake.

Farasi wangu akazunguka nyuma ya askari, akatua pale anapomtishia yule askari wa Ketaki wa mbele, wa ule mstari uliokunjika. Ngamia akabaki kumlinda, hana kazi nyingine. Ndipo nikamtoa mfalme kibarazani. Hakuna tena waziri wala tembo wa kumtisha, kwa hiyo akaingia barabarani mchana kweupe. Nyumba moja. Nyumba moja. Akapita nyuma ya safu yangu yote, mbele ya nyumba alikozaliwa, akaendelea kwenda upande wa pili wa ubao kama mkulima anayekwenda kuangalia maji ya miwa. Mfalme wa Ketaki, aliyekuwa amepishana na tembo vizuri na kwa kanuni, alikuwa bado kule mafichoni. Ketaki alimtoa, akamkimbiza kuja kuzuia, lakini alikuwa mbali mno.

Alipomwona mfalme wangu amefika ukingoni, ameshapita askari wote, akaketi wima kwa mara ya kwanza tangu mawaziri watoke. Nilimwona akihesabu kwa midomo. Ngamia akimlinda askari, mfalme wangu anaingia. Ngamia akija kumzuia mfalme wangu, farasi anakula askari. Ngamia ni mmoja. Akahesabu tena, akamsogeza mfalme wake nyumba moja.

Ketaki akanyoosha mkono juu ya meza, kiganja wazi.

"Sare, dada?"

Ilikuwa haki yake kuomba. Mwamuzi alisogea kusikia jibu. Mwalimu wake akafumba macho. Mimi nilifikiri vizuri, maana kitu kilichoombwa kwa adabu hufikiriwa. Nikatazama kila nyumba ambayo mfalme wangu angeweza kukanyaga na kila nyumba ambayo ngamia wake angeweza kufika. Hapakuwa na sare ubaoni. Kama ingekuwepo ningeiona, na ningeumia, lakini haikuwepo. Nikamsogeza mfalme nyumba moja ndani, nyuma ya mgongo wa askari wake, nikabonyeza saa.

Bwana Jamdade akarudi hatua moja. Kwa kanuni, mwendo wangu ulikuwa umeshamaliza ombi.

Ketaki hakugusa kete. Aliinama, nywele zake zikaficha nusu ya uso, akasema kwa sauti ambayo mwamuzi asingeisikia, sauti ya wasichana wawili kisimani:

"Manjiri dada. Baada ya sikukuu ya Diwali naolewa. Kwao hawachezi. Hii ndiyo Pune yangu ya mwisho." Kiganja chake kilikuwa bado mezani. "Kubali. Waambie umechoka. Hakuna atakayekulaumu, ulishafanya makubwa leo. Kubali tu, dada. Tafadhali."

Farasi wangu alikuwa palepale. Mfalme wangu alikuwa palepale. Nikakiacha kiganja chake wazi, nikaikalia tena mikono yangu yote miwili. Saa iliyokuwa inakimbia ilikuwa yake.